Mhariri, sio kila sukari ya 7 ni kongosho lililochoka

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotutengenezea gazeti. Ile peji yenu ya afya ya juzi nimeisoma yote mpaka vile visanduku vya pembeni, na nawashukuru manake huku Mombasa ukitaja sukari hakuna nyumba utakayokosa mgonjwa. Lakini kuna sentensi moja imenikaa rohoni. Mmeandika kuwa mtu akipimwa asubuhi kabla hajala chochote akakutwa na 7 (milimoli kwa lita) basi kongosho lake limechoka. Mi nafanya kazi maabara, kudunga watu vidole ndio asubuhi yangu, na naona hio sentensi ni kweli kwa wengi lakini kuna watu sio kweli kwao hata kidogo, na hao watu wanameza vidonge miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna aliewahi kukaa nao akawaeleza kuwa kuna kimeng'enya mwilini, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia, kinaitwa glukokinasi na kwamba hicho ndicho kinachoamua sukari yako ikae wapi.

Naomba mnipe nafasi nikieleze, na kama ni refu mtanisamehe, jambo lenyewe halisemeki kwa mistari miwili.

Ukila mahamri na mbaazi, au wali, au viazi karai pale barabarani, wanga wote ule unavunjwavunjwa tumboni mpaka inabaki glukosi, ndio inaingia kwenye damu. Sasa glukosi ikiwa kwenye damu haijakufaa kitu bado, lazima iingie ndani ya seli, na ikishaingia lazima izuiwe isitoke, manake njia ilioingilia ndio hiohio inaweza kutokea. Hapo ndio kinasi inafanya kazi. Kinasi ni vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kutoa fosfeti moja, kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni, kutoka kwa ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya mwili, na kuibandika kwenye kitu kingine. Glukosi ikibandikwa fosfeti inageuka glukosi-6-fosfeti, inakuwa na chaji ya umeme, haipiti tena kwenye ile njia, na kuanzia hapo seli ndio inayoamua kama iichome ipate nguvu ama iiweke akiba. Na ATP hio haifanyi kazi peke yake, inakuja imeshikana na magnesi, bila magnesi hakuna fosfeti inayohama.

Mjerumani Otto Meyerhof, yule wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, ndie alieikuta heksokinasi, yaani kinasi inayobandika fosfeti kwenye glukosi, mwaka 1927 na aliikuta kwenye hamira, yaani hamira hii hii tunayoumulia unga wa mahamri. Baadae ikaja kujulikana kuwa sisi binadamu tuna heksokinasi za aina nne zinazojulikana vizuri, na hio ya nne ndio hii glukokinasi ninayoililia. Zile tatu za kwanza ni kubwa, uzito wake kama kilodaltoni 100 (kipimo cha uzito wa molekuli), na zinashika glukosi hata ikiwa kidogo mno. Ile ya kwanza, ambayo ubongo unaitegemea, inafanya kazi nusu ya kasi yake hata glukosi ikiwa chini ya milimoli 0.1 kwa lita, na ndio maana mtu akiwa amefunga mchana kutwa ubongo wake bado unapata riziki yake. Halafu zikishatengeneza glukosi-6-fosfeti ya kutosha, ile bidhaa yenyewe inarudi kuzizuia, zinapunguza kazi.

Glukokinasi haiko hivyo. Ni ndogo, kama kilodaltoni 50, nusu ya wenzake, ina asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini, 465 basi. Ili ifike nusu ya kasi yake inataka glukosi kama milimoli 8 kwa lita, yaani ukiwa na sukari ya kawaida ya asubuhi, 4 na nukta au 5, yenyewe iko nusu usingizini. Na bidhaa yake haiizuii. Kwa hivyo kadri sukari inavyopanda kwenye damu ndio na yenyewe inavyozidi kuchapa kazi, ikishuka na yenyewe inashuka, na kimeng'enya chenye tabia hio mwili umekitumia kupimia sukari. Mashine yangu ya kliniki inapima mara moja ukishalipia stripi, hii inapima kila sekunde tangu uko tumboni kwa mamako.

Umbo lake ndio linaloeleza kila kitu, na hapa naomba msikate mhariri. Hii protini ina pande mbili, moja kubwa moja ndogo, na katikati yake kuna ufa. Glukosi inaingia kwenye ule ufa, na ikiingia tu zile pande mbili zinafunga kama chaza, maji yanatolewa nje, ATP inakaa karibu kabisa na glukosi na fosfeti inahama. Mambo ya kimeng'enya kujibadilisha umbo kikishika kitu chake Daniel Koshland wa Marekani aliyasema mwaka 1958 wakati watu wengi bado wanaamini kimeng'enya ni kitu kigumu kisichojipinda, halafu Thomas Steitz na wenzake kwenye miaka ya 1970 wakaipiga heksokinasi ya hamira kwa miale ya eksrei ikiwa kwenye fuwele, bila glukosi na ikiwa na glukosi, na wakauona kwa macho ule upande mdogo umezunguka ukafunga. Huyo Steitz ndie baadae alipata Nobel ya kemia mwaka 2009, ingawa hio ilikuwa ya kazi nyingine, ya ribosomu, ile mashine ya seli ya kutengeneza protini.

Glukokinasi ya binadamu ilichelewa kuonekana, picha zake zilitoka mwaka 2004 kutoka kwa watafiti wa Japani, na zilishangaza wengi. Ikiwa haina glukosi inafunguka sana, kupita hata zile nyengine, upande mdogo unakaa mbali na haujatulia, unachezacheza. Glukosi ikija inabidi ujikusanye urudi ufunge, na hilo linachukua muda. Ikishamaliza kazi na kuachia bidhaa haikimbilii kufunguka kabisa tena, inakaa kidogo katika lile umbo la karibu-karibu. Sasa angalia utamu wake. Sukari ikiwa nyingi, glukosi nyengine inaikuta bado haijafunguka kabisa, inafunga haraka, kasi inazidi. Sukari ikiwa kidogo, kabla glukosi nyengine haijafika yenyewe ishafunguka ishalegea, kasi inaanguka. Ndio maana ukichora grafu ya kasi yake haipandi kama ya wale wengine, inajipinda mfano wa herufi S, na hio ni ajabu kubwa manake vimeng'enya vingi vyenye grafu ya namna hio vina vipande vingi vinavyoambizana, hii ni moja, peke yake, ina nafasi moja tu ya glukosi, inajikumbuka yenyewe kwa uvivu wa kurudi. Mimi nikisoma hivi huwa nasema subhanallah, na sijali nani ananiskia.

Sasa tuje kwenye kongosho. Kule kuna seli zinaitwa beta, ndizo zinazotoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Glukosi inaingia ndani yake bila taabu, kwa hivyo kinachoamua mambo yaende mbele ama yasiende ni kasi ya glukokinasi. Sukari ikipita kama 5, glukokinasi inachangamka, glukosi inachomwa, ATP inaongezeka, ATP ikiongezeka vijia vya potasi kwenye ngozi ya seli vinafungwa, umeme wa seli unabadilika, kalsi inaingia, na vile vifuko vya insulini vinamwagwa nje. Profesa Franz Matschinsky wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ndie aliekaa miaka mingi akisisitiza kuwa glukokinasi ndio kihisi cha sukari cha mwili. Na wale wazee wetu wanaomeza glibenclamide wajue kuwa kile kidonge kinakwenda kufunga vile vijia vya potasi moja kwa moja, yaani kinairuka glukokinasi kinaanzia hatua ya mbele, ndio maana ukikimeza ukakosa kula sukari inaporomoka mpaka mtu anatoka jasho anatetemeka, kwa sababu umeiruka ile hatua iliokuwa inauliza kwanza kama kuna sukari.

Kwenye ini nako iko, na huko ndiko iliko nyingi. Ini linaitumia kuokota sukari baada ya chakula na kuiweka akiba kama glaikojeni. Lakini ini lina utaratibu wake mwengine, lina protini ya pembeni ambayo mtu ukiwa na njaa inaishika glukokinasi na kuifungia ndani ya kiini cha seli, isije ikala sukari ambayo ini lenyewe linajitahidi kuitoa kwa ajili ya ubongo. Mbelgiji Emile Van Schaftingen aliieleza hio protini mwaka 1989. Kinachoilegeza ni glukosi yenyewe ikizidi, na pia fruktosi kidogo, ile sukari ya matunda, manake fruktosi ikifika kwenye ini inabandikwa fosfeti na kile kinachopatikana kinaifanya ile protini iiachie glukokinasi itoke ikafanye kazi. Fikiria jioni ya Ramadhani, adhana imelia, mtu anafungua kwa tende. Tende ina glukosi na fruktosi zote mbili, na hapo mlangoni kabla hajafika kwenye kaimati na sambusa, ini lake lishaambiwa liamke. Nimeandika hivi kwa furaha ila nisije nikanukuliwa vibaya, sijasema tende ni dawa ya sukari, mgonjwa wa sukari tende zake ahesabu na daktari wake.

(Na paka, kwa wenye kupenda kujua, ini lake halina glukokinasi inayofanya kazi. Wale paka wa Mji wa Kale wanaokaa kusubiri matumbo ya samaki hawajaumbiwa chakula cha wanga, sukari yao ini linaitengeneza kutoka kwenye protini. Wanaowapa wali mtupu wawaongeze samaki.)

Sasa ndio nifike pale nilipotaka. Jeni ya glukokinasi iko kwenye kromosomu ya 7, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Mwaka 1992 watafiti walioshughulika na familia za Ufaransa walionesha kuwa kuna watu nakala moja imeharibika kidogo, asidi amino moja tu kati ya zile 465 inaweza kutosha, na kile kihisi kinakuwa kizito. Hakijafa. Kinachangamka kama kawaida ila kwa kiwango cha juu zaidi, badala ya kuanza kwenye 5 kinaanza kwenye 6 na kitu ama 7. Kongosho lake zima, seli za beta zipo, insulini ipo, mwili unaidhibiti sukari vizuri kabisa ila unaidhibiti ikiwa juu kidogo. Sukari ya asubuhi inakaa kati ya 5.5 na 8, inakaa hapo tangu mtu anazaliwa mpaka anazeeka, inapanda kidogokidogo tu na umri kama ya mtu mwengine yeyote, na akila mara nyingi haipandi sana. Macho hayaharibiki kwa ajili yake, figo hazifi, miguu haikatwi. Na vidonge havisaidii kitu manake ukiishusha sukari kwa dawa kihisi kinaona iko chini ya kiwango chake na kinapunguza insulini, inarudi palepale. Matibabu yake ni kutotibiwa, isipokuwa mimba, ntaieleza.

Kuna familia moja naijua, siwataji manake si yangu kuwataja, bibi, binti yake na mjukuu wa shule, wote wembamba, wote asubuhi wanacheza kati ya 6.3 na 7.4. Bibi ameambiwa ana sukari tangu siku za ujana wake alipokuwa mjamzito. Kila kliniki anayokwenda anaongezewa dozi, namba haitingishiki, na anaambiwa hafuati masharti, ati anakula kisirisiri. Huyu ni mtu ameacha halua, ameacha hata chai ya tangawizi ya sukari kijiko kimoja, analia mbele ya watu wadogo kiumri kuliko watoto wake akisema wallahi sijala. Mi siwezi kusema kwa kudunga kidole kuwa wana jeni hio, hilo linajulikana kwa kusoma jeni yenyewe kwenye maabara kubwa, lakini hakuna hata mmoja kati ya waliomhudumia aliewahi kuziweka zile ripoti za watu watatu pamoja mezani akaziangalia. Ukiona sukari imepanda kidogo, haiendi mbele hairudi nyuma kwa miaka, kwa mtu asie mnene, na mzazi wake mmoja yuko hivyohivyo, na mtoto mmoja kati ya wawili kwa wastani anakuwa hivyo, basi lazima uulize swali. Kubandika jina la mlaji wa siri kwa mama mtu mzima ni dhulma.

Mimba ndio nzito. Mama akiwa na kihisi kizito, mtoto tumboni ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Asiporithi, kongosho lake la kawaida linaiona sukari ya mama kuwa nyingi, linamwaga insulini, na insulini tumboni inamkuza mtoto, anazaliwa na uzito wa zaidi kama nusu kilo ama kuzidi. Akirithi, yeye na mamake wamekubaliana kiwango kimoja, anazaliwa saizi ya kawaida, na hapo ukimpiga mama insulini kali kwa nguvu unaweza kumnyima mtoto na kumkondesha. Na mtoto akiirithi kwa baba, mama kihisi chake ni cha kawaida, anazaliwa mdogo, pungufu kama nusu kilo. Andrew Hattersley na wenzake wa Uingereza walilionesha hili mwaka 1998. Kwa hivyo wakunga wetu wanaopima mtoto na kuandika kilo kwenye kadi, ile namba ina habari ndani yake, kadi za kliniki za watoto wote wa mama mmoja zikiwekwa pamoja zinaweza kuongea.

Kuna upande wa pili pia. Jeni ikiharibika kwa namna ya kuifanya glukokinasi iwe nyepesi kupita kiasi, insulini inamwagwa hata sukari ikiwa chini, mtu anazirai, mtoto anapata degedege ambalo halina homa. Na akizaliwa mtoto ambae nakala zote mbili, ya baba na ya mama, hazifanyi kazi, huyo anakuwa na kisukari kikali tangu siku zake za kwanza duniani na bila insulini haishi. Hilo ni adimu lakini sisi watu wa Pwani tunaooana mtoto wa ami na mtoto wa ami tuna sababu ya kulijua, manake wazazi wakiwa wa damu moja nakala zilizoharibika zinaweza kukutana.

Na kwa wenye kisukari cha kawaida, aina ya pili, ambao ndio wengi mno hapa Mombasa na ambao sentensi yenu inawahusu kweli, glukokinasi inawahusu vilevile. Kwenye ile protini, kando na pale glukosi inapokaa, kuna kishimo kingine, na watengeneza dawa waligundua molekuli zinazokaa pale na kuisaidia ifunge upesi. Walianza kutangaza mwaka 2003, wengi wakakwama, dawa nyengine zilishusha sukari kupita kiasi, nyengine zilijaza mafuta kwenye damu, nyengine zilifanya kazi miezi kadhaa tu zikachoka. Moja inaitwa dorzagliatin ndio ilikubaliwa China mwaka 2022. Yaani hiki si kitu cha vitabuni tu, ni dawa inayomezwa na watu saa hii tunapoongea.

Nawaomba wasomaji kitu kimoja kabla sijamaliza: tafadhali mtu yeyote asisome barua hii akaacha dawa zake. Ukiwa na 12, 15, 20, hio sio habari ya kihisi kizito, hio ni sukari inayoharibu macho na figo na ikizidi inalaza mtu hospitali, meza dawa yako na rudi kliniki. Ndugu zangu wanaouziwa chupa za kusafisha sukari kwenye damu huko sokoni na kwenye magrupu ya wasap pia wanielewe, sukari kwenye damu haisafishwi kama uchafu, inaongozwa, na kitu kinachoiongoza nishakieleza hapa kilivyo.

Ombi langu kwenu mhariri ni kuwa ile sentensi muirekebishe, na peji ijayo ya afya mchapishe maswali haya mtu ayakate aende nayo kliniki: sukari yangu ya asubuhi imebadilika kwa miaka hii ama imekaa palepale? Nikila inapanda kwa kiasi gani? Mzazi wangu yupi ana sukari, na yake ni ngapi? Watoto wangu walizaliwa na kilo ngapi? Na daktari akishayasikia majibu, mgonjwa aulize kama kuna haja ya kupimwa jeni na damu itapelekwa wapi. Madaktari bingwa wa sukari tunao hapa mjini, mkimpata mmoja akawajibu wasomaji kwa Kiswahili mtakuwa mmewafanyia wema watu wengi, na yule bibi mimi mwenyewe ntampelekea gazeti.

Wenu katika maabara,
Kisauni, Mombasa